Nuru ya Kaskazini na Swali la Mwanafunzi wa Mtwara

Mwezi Juni 2024 nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya sekondari mjini Mtwara. Mada niliyopewa ilikuwa jua, nami nilikuwa nimejitayarisha kueleza jinsi linavyopata nishati yake. Lakini wanafunzi wale hawakuwa na haja kubwa na hayo. Mwezi mmoja kabla, usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Mei, dhoruba kubwa ya sumaku iliikumba dunia, na picha za anga iliyogeuka rangi ya waridi, zambarau na kijani zilikwisha kufika katika simu za mkononi za walimu wao. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akauliza: "Mwalimu, watu wa Ulaya wameiona, na hata Namibia imepigwa picha. Kwa nini sisi wa Mtwara hatukuiona?"

Nilimjibu mara moja kwamba nuru hiyo ni ya nchi zilizo karibu na ncha za dunia, na kwamba mtu aliye nyuzi 10 kusini ya ikweta hawezi kuiona kamwe akiwa kwao; akiitaka, sharti asafiri. Darasa lilicheka kidogo, tukaendelea na mengine. Neno lile "kamwe" ndilo lililonisumbua baadaye, nami nitalirudia. Lakini kwanza yafaa kueleza nuru yenyewe ni kitu gani, na huonekanaje kwa mtu aliyeifuata huko kwao, kwa maana mimi nilipata bahati ya kuifuata.

Ilikuwa Februari 2013, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Norway. Pamoja na wenzangu wawili nililipa nauli ya kujiunga na msafara wa watalii katika mji wa Tromsø, ulio karibu nyuzi 70 kaskazini ya ikweta. Huko misafara ya namna hiyo ni biashara kamili. Huanza mwezi Septemba na kukoma mwanzoni mwa Aprili, kwa sababu baada ya hapo usiku hupungua mno, na kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Julai jua halizami kabisa. Tulikuwa watu kama kumi na watano ndani ya basi dogo, kila mmoja na taifa lake, na kiongozi wetu ndiye aliyekuwa dereva.

Nilitazamia kwamba kiongozi angetueleza habari za jua. Yeye alikuwa akitazama ramani ya mawingu. Nuru ya kaskazini huwaka juu sana kuliko mawingu yote, kwa hiyo usiku wa mawingu ni usiku uliopotea, hata kama juu yake mbingu nzima inawaka. Mji wa Tromsø uko pwani, na upepo wa bahari huuletea mawingu mara kwa mara. Hivyo dereva alituchukua mwendo wa saa mbili kuelekea bara, upande wa mpaka wa Finland, ambako milima huzuia mawingu hayo. Tulipofika tulipewa ovaroli nene na mabuti. Baridi ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Uji wa kiangazi ninaoujua mimi hunywewa ili kupooza mwili. Chai ile ya kando ya moto tuliinywa ili vidole visife ganzi.

Baada ya kungoja kama saa moja na nusu, kiongozi alinyoosha kidole kaskazini akasema, "Ile pale." Mimi niliona wingu jembamba la kijivu. Sikuona rangi yoyote. Alitega kamera juu ya kiweko chake cha miguu mitatu, akaiacha wazi kwa sekunde kadhaa, kisha akatuonyesha picha: wingu langu la kijivu lilikuwa kijani kibichi. Nakiri kwamba nilihisi kama mtu aliyetapeliwa, na baadhi ya wenzetu katika basi walinung'unika waziwazi. Lakini hapakuwa na utapeli. Jicho la mwanadamu lina seli za aina mbili za kupokea nuru. Zile zitambuazo rangi huhitaji mwanga wa kutosha. Gizani hufanya kazi zile nyingine, nazo hazijui rangi. Tena kamera hukusanya nuru kwa sekunde kumi na kuilimbikiza, jambo ambalo jicho haliwezi. Ndiyo maana picha za matangazo ya safari hizi hung'aa kuliko yale ambayo msafiri ataona usiku wa kawaida, na ndiyo maana picha zilizofika Mtwara mwezi Mei 2024 hazikuonyesha kila mara kile ambacho mpigaji alikiona kwa macho yake.

Yapata saa 5 usiku ile kanda ya kijivu ilinenepa, ikashuka kama pazia linalopepea dirishani, na sasa kijani kilionekana dhahiri bila kamera, na pindo lake la chini likawa jekundu kwa dakika chache. Ilikwenda kwa kasi juu ya vichwa vyetu, bila sauti. Watu waliokuwa wakinung'unika walinyamaza. Ikachukua kama robo saa, ikarudi kuwa wingu.

Je, nuru hiyo hutoka wapi? Mmoja wa watu wa kwanza kuionyesha katika maabara alikuwa Kristian Birkeland, profesa wa Norway, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 aliweka tufe dogo lenye sumaku ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, akalirushia elektroni. Mwanga ulijitokeza katika duara kuzunguka kila ncha ya tufe. Wanorway walimheshimu kwa kuiweka sura yake katika noti ya krone 200 tangu 1994, ikadumu zaidi ya miaka ishirini. Mwenzake, Carl Størmer, aliipima nuru hiyo kimo kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaifahamu: watu wawili, mbali mbali, wakiongea kwa simu, walipiga picha ya nuru ile ile kwa wakati mmoja, kwa kuwa ilionekana mbele ya nyota tofauti katika kila picha, pembetatu ilipatikana, na kimo kikajulikana. Sehemu ya kijani huwaka hasa kati ya kilomita 100 na 150 juu ya ardhi.

Hapa hapana budi nisahihishe maelezo yanayopatikana katika vitabu vingi, yasemayo kwamba chembe za jua huja moja kwa moja na kuangukia kwenye ncha za dunia. Ni kweli kwamba jua hupuliza nje elektroni na protoni bila kukoma, kwa mwendo wa kilomita 400 hivi kila sekunde, kiasi kwamba umbali wa kilomita milioni 150 huchukua siku nne au zaidi. Lakini uga sumaku wa dunia huuzuia upepo huo. Upepo nao huusukuma uga huo na kuuvuta upande wa usiku, ukawa kama mkia mrefu. Mkia huo ni mfano wa mpira wa manati: huvutwa, huvutwa, hatimaye huachia. Unapoachia, elektroni hutupwa kurudi duniani zikifuata mistari ya uga sumaku, na mistari hiyo huingia katika angahewa kwenye duara mbili, moja kuizunguka ncha ya sumaku ya kaskazini na nyingine ile ya kusini. Tromsø iko chini ya duara la kaskazini. Nuru ya kusini ni ndugu yake, ila huwaka zaidi juu ya bahari na barafu, mahali pasipo watu wala mabasi ya watalii.

Elektroni hizo zikigonga atomu za oksijeni huzipa nishati, na atomu huirudisha nishati hiyo kama nuru. Oksijeni ina namna mbili za kuirudisha. Ya kwanza huchukua chini ya sekunde moja, nayo ndiyo nuru ya kijani, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 557.7. Ya pili ni ya polepole mno: atomu hukaa na nishati yake kwa muda wa karibu dakika mbili kabla ya kutoa nuru nyekundu, nanomita 630.0. Katika kilomita 100 hewa bado ina msongamano, na atomu iliyosubiri dakika mbili itakuwa imekwisha kugongwa na nyingine na kunyang'anywa nishati yake. Kwa hiyo nuru nyekundu ya oksijeni hupatikana juu tu, kuanzia kilomita 200 na kuendelea, mahali ambapo atomu ni chache na zina nafasi ya kusubiri. Lile pindo jekundu nililoliona chini ya pazia ni jambo jingine, hutokana na nitrojeni.

Msomaji aishike tofauti hii ya kimo kati ya kijani na nyekundu, maana ndiyo iliyonifundisha kwamba jibu langu la Mtwara lilikuwa na kosa.

Niliporudi chuoni swali la yule kijana liliendelea kunizunguka, nikaamua kulipigia hesabu. Tuchukue nusu kipenyo ya dunia kuwa kilomita 6,400. Mtu aliyesimama Mtwara akitazama kusini, mstari wa macho yake hugusa upeo na kuendelea kwenda juu ya dunia inayojipinda. Ni pembetatu mraba: kiegama chake ni 6,400 na kimo cha nuru, na upande mmoja ni 6,400. Ikiwa nuru ni ya kijani na iko kilomita 100 juu, kosaini ya pembe iliyo katikati ya dunia ni 6,400 kugawanya kwa 6,500, na pembe yenyewe ni nyuzi 10. Maana yake, ili mtu wa Mtwara aione nuru ya kijani kwenye upeo wa macho, lazima iwe inawaka juu ya latitudo 20 kusini, katikati ya Mlango wa Msumbiji. Hilo si la kutarajiwa. Lakini ikiwa nuru ni nyekundu na kilele chake kiko kilomita 400 juu, tunagawanya 6,400 kwa 6,800, na pembe inakuwa karibu nyuzi 20. Sasa inatosha iwe juu ya latitudo 30 kusini, juu ya bahari iliyo kusini-magharibi ya Madagaska, latitudo moja na Durban.

Je, nuru imewahi kuja karibu hivyo? Imewahi. Tarehe 4 Februari 1872 dhoruba ya sumaku ilikuwa kubwa hata nuru ikaonekana Khartoum, Aden na Bombay, na upande wetu wa ikweta ikaonekana kisiwani Mauritius, katika Bahari hii hii ya Hindi. Usiku wa Mei 1921 ilionekana Apia, Samoa, takriban nyuzi 14 tu kusini ya ikweta, kama mwanga mwekundu upande wa kusini. Zaidi ya hayo, kinachohesabiwa hapa ni umbali kutoka ikweta ya sumaku, ambayo si ile ya ramani. Katika upande wetu wa Afrika ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Kwa hiyo Mtwara iko karibu nyuzi 20 kusini yake. Mwalimu mwenye sindano ya sumaku inayoning'inia huru anaweza kulithibitisha hilo darasani: Mtwara ncha ya kaskazini ya sindano huinuka juu, haibaki sawa na meza. Kwa kipimo hicho Mtwara haikosi nafasi ambayo Apia ilikuwa nayo.

Basi "kamwe" lilikuwa neno la uvivu. Jibu la haki lingekuwa hili: huenda pakapita vizazi viwili au vitatu bila nuru hiyo kufika, na ikifika itakuwa nyekundu, hafifu, chini kabisa upande wa kusini, bila mapazia ya kijani yaliyo katika picha. Dhoruba ya Mei 2024, ingawa ilikuwa kali kuliko zote tangu 2003, haikufikia ile ya 1872 wala ya 1921. Ilianza saa 2 usiku kwa saa zetu na kufikia kilele chake karibu na mapambazuko.

Kuna jambo jingine lililotokea siku zile ambalo wanafunzi walilitaja. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota vibaya Tanzania na nchi jirani, na wengi walisema ni dhoruba ya jua. Sivyo. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika baharini kaskazini ya Durban. Mambo mawili yakifuatana si lazima moja liwe mzazi wa jingine. Hata hivyo dhana ile haikuwa ya kipumbavu. Katika dhoruba ya 1872 waya wa telegrafu uliolala baharini kati ya Bombay na Aden ulivurugika kwa saa kadhaa, kwa sababu uga sumaku unaobadilika huzalisha mkondo wa umeme katika waya mrefu, kama tufundishavyo Kidato cha Nne. Mikongo ya leo hupeleka habari kwa nuru, ambayo haijali sumaku; lakini vikuza-nuru vyake vilivyo chini ya bahari hulishwa na umeme upitao katika waya ule ule mrefu, na wahandisi hulitilia maanani.

Kosa lililosemwa mbele ya darasa husahihishwa mbele ya darasa. Mwanzoni mwa Agosti 2024, mwezi ukiwa mwandamo, nilirudi Mtwara. Mkuu wa shule alikubali tuwachukue wanafunzi ishirini, pamoja na walimu wao watatu, tukalale Msimbati, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Nilitaka upeo wa kusini ulio na giza, na tena nilitaka, nikiri, kuwa kiongozi wa msafara kwa zamu yangu. Kusi ilikuwa ikivuma na mbingu ilikuwa safi. Niliwaeleza hesabu ile kwa kuichora mchangani, na yule kijana akaipitia upya katika daftari lake kabla ya kukubali.

Yapata saa 3 usiku msichana mmoja alipiga kelele: kusini, ng'ambo ya mikoko na mdomo wa Ruvuma, palikuwa na wekundu chini ya anga. Wote walisimama. Sikuwajibu, niliwauliza wangejuaje. Mmoja alisema tungoje tuone kama unapanda. Mwingine alisema wekundu wa aurora hautegemei upepo. Wa tatu alitazama kwa darubini ndogo ya mwalimu wake na kuona moshi ukizimeza nyota za chini. Ilikuwa mashamba yanayochomwa upande wa Msumbiji, kama ilivyo desturi ya msimu huo. Nikawasimulia kwamba Seneca, mwandishi wa Roma ya kale, aliandika habari za kosa lililo kinyume cha hilo: enzi za Kaisari Tiberio mbingu ilikuwa nyekundu hata askari wakakimbilia mji wa Ostia kuuzima moto, na hapakuwa na moto. Laiti wangekuwa na kipimarangi! Moto hutoa rangi zote mfululizo, na nuru ya oksijeni hutoa mistari michache tu. Kipande cha santuri ya CD na boksi lenye upenyo mwembamba vyatosha kuwaonyesha wanafunzi tofauti hiyo kwa kulinganisha mshumaa na taa ya mrija.

Birkeland naye alifunga safari, lakini ya kinyume na yangu. Alipokuwa amekwisha kuichunguza nuru ya kwao, alikuja Afrika, Sudani na kisha Misri, alikoishi miaka kadhaa hadi 1917. Alifuata mwanga ambao kwao Norway ni shida kuuona, kwa sababu huko huinama sana karibu na upeo na mapambazuko huchukua muda mrefu. Nao ni mwanga wa buruji: mnara mweupe hafifu unaosimama mashariki kabla ya alfajiri, katika njia ya jua na sayari. Alidhani kwamba nao hutokana na elektroni za jua. Katika hilo alikosea. Ni vumbi lililoachwa na vimondo na vipande vya mawe vizungukavyo jua, likiangazwa kutoka chini ya upeo.

Niliwaamsha wanafunzi saa 10 kasoro robo. Mnara ulikuwapo, mpana chini na mwembamba juu, ukipita penye Mshtarii na Mirihi na kuelekea Kilimia. Baadhi walisema hawaoni kitu, kama mimi nilivyosema mwaka 2013, hadi walipoacha kuukodolea macho na kutazama kando yake kidogo. Mzee mmoja wa Msimbati, aliyekuwa akitayarisha ngalawa yake, alitukuta tumeduwaa akauliza tunatazama nini. Nilianza kumweleza habari za vumbi. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Hiyo ni alfajiri ya uwongo, Mwalimu. Mwezi wa Ramadhani mtu akiiona hiyo bado anakula daku. Ya kweli hulala ubavu, hiyo husimama."

Ni hivyo hasa, na wanazuoni wa fiqhi waliitofautisha kwa umbo hilo hilo karne nyingi kabla ya Birkeland. Yule kijana wa Kidato cha Tatu aliandika saa katika daftari lake. Yapata saa 11 na dakika 20 mwanga uliolala ulianza kutanda juu ya bahari, mnara ukamezwa taratibu kuanzia chini, na ngalawa ya mzee ilikuwa imekwisha kuvuka mwamba.